Meza ya Useremala Yenye Kabati, Nyumbani Kwako: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Lamu na Malindi

Majibu haya ni ya mtu anayetaka kujitengenezea meza ya useremala nyumbani, yenye kabati chini yake la kuwekea randa, patasi na misumeno. Vipimo vya mbao ni vya futi na inchi kwa sababu ndivyo zinavyouzwa kwetu. Plaiwudi nimeipima kwa milimita. Nimeifikiria zaidi nyumba ya mawe ya Lamu, maana ndiyo yenye masharti mengi. Aliye Malindi na ana baraza pana au gereji atayaona mengine mepesi.

Mafundi wa Matondoni, kijiji cha waunda majahazi kisiwani Lamu, huunda jahazi zima bila meza. Mimi ya nini?

Swali hili ni la haki, na jibu lake ndilo linaloongoza mengine yote. Mbao za jahazi ni nzito na zinajishikilia kwa uzito wake. Tezo hupigwa kuelekea chini, na mguu wa fundi unatosha kuuzuia ubao. Mchonga milango naye anaweza kukaa chini na ubao mbele yake, kwa sababu patasi yake inasukumwa kwenda chini na sakafu inaupokea mpigo.

Kazi ya nyumbani si hiyo. Unatengeneza stuli, fremu ya dirisha, mlango wa kabati: vipande vyembamba na vyepesi, na sehemu kubwa ya kazi ni kuranda. Randa husukuma mbele. Ubao usipozuiwa unakimbia, na ukiuzuia kwa mkono mmoja umebaki na mkono mmoja wa kurandia. Kwa hiyo meza ina kazi mbili tu za lazima: ishike ubao, na yenyewe isisogee. Kabati ni nyongeza nzuri sana, nami nalipenda, lakini likianza kuziharibu kazi hizo mbili liondolewe.

Niiweke wapi ndani ya nyumba ya Kilamu?

Vyumba vyetu ni virefu na vyembamba kwa sababu dari imebebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki mbali: upana wa chumba mara nyingi hauzidi mita tatu. Meza iende sambamba na ukuta mrefu, usiiweke katikati. Ukiwa na meza ya futi mbili kwa upana, unabakiwa na nafasi ya kutosha ya kusimama, kufungua milango ya kabati na kupitisha ubao.

Kiwandani, yaani uani ndani ya nyumba, kuna mwanga mzuri na upepo, na vumbi halisumbui watu wa ndani. Tatizo ni mvua. Kama sehemu ya kiwanda imeezekwa, hapo ndipo mahali bora nyumbani. Kama hakuna paa, usiiache meza nje ukitegemea turubai, masika yataipinda.

Orofani sikushauri. Sakafu ya juu ni chokaa na matumbawe juu ya boriti, na boriti za nyumba nyingi ni za zamani. Meza pamoja na vifaa vyake ni uzito mkubwa mahali pamoja, na kupiga tundu kwa nyundo kunaitikisa sakafu nzima. Kama huna pengine, isogeze karibu kabisa na ukuta unaobeba ncha za boriti, na kazi za nyundo uziteremshe chini.

Naweza kuifunga ukutani kwa bolti ili isitikisike?

Usifanye hivyo. Ukuta wa matumbawe na chokaa ni laini, bolti hulegea na kubomoa plasta. Isitoshe, Mji wa Kale wa Lamu ni Urithi wa Dunia tangu 2001, na nyumba nyingi hazifai kutobolewa ovyo. Meza iliyoundwa vizuri inasimama yenyewe.

Vipimo gani?

Urefu wa uso wa meza: futi sita, au tano na nusu chumba kikibana. Upana: inchi 23 au 24. Ukizidisha hapo hufikii upande wa pili vizuri, na sehemu ya nyuma hugeuka mahali pa kurundika vitu.

Kimo kinatokana na mwili wako. Vaa viatu unavyofanyia kazi, simama wima, acha mkono uning'inie, kisha kunja kiganja kielekee sakafuni kana kwamba umekiegemeza juu ya kitu. Pima kutoka kiganjani hadi sakafuni. Kwa watu wengi hutoka kati ya inchi 32 na 35. Anayeranda sana kwa mkono achague upande wa chini kidogo, kwa sababu randa inataka uzito wa mwili, si nguvu ya bega. Mifano ya hapa chini imefuata inchi 34.

Mbao ipi inafaa?

Watu wengi wakisikia "meza imara" hukimbilia mvule au mbambakofi. Zote mbili ni mbao za heshima, na milango ya mji huu ni ushahidi. Lakini kwa meza ya kazi nasema hapana. Ni ghali, na mvule una tabia ya kuficha mawe madogo ya chokaa ndani ya nyuzi zake. Randa ikikutana na jiwe hilo, ulimi wa chuma unapata pengo papo hapo. Vumbi lake pia huwasha pua na kifua cha wengi. Uuhifadhi mvule kwa mlango au kasha.

Saiprasi inayotoka bara ndiyo ninayoipendekeza. Inapatikana kwenye yadi za Malindi, na Lamu hufika kwa chombo kutoka Mokowe. Inarandika vizuri na ni nyepesi kubeba vichochoroni. Ulaini wake si kasoro: bora meza ipate alama kuliko kazi yako.

Mvinje, uliojaa mwambao huu, ni mzito lakini hupasuka na kujipinda ukikauka. Mwembe unarandika kwa raha, ila wadudu na ukungu huupenda. Mwarobaini ni mzuri, wadudu hawaukaribii sana, shida ni kupata ubao mrefu ulionyooka. Ukiupata, ufanye miguu. Boriti ya mkoko ni ngumu na nzito, lakini ni mviringo, hupasuka ikikauka, na kuikata kunahitaji kibali cha idara ya misitu. Mbao za majahazi makuukuu zinavutia macho, lakini zina misumari iliyojificha na chumvi iliyozama ndani. Chumvi huvuta unyevu, na kila chuma kinachozigusa kitapata kutu.

Nitajuaje kwamba mbao zimekauka?

Inua mbili zinazolingana. Iliyo nzito kupita mwenzake ina maji. Iguse kwa shavu: mbichi huwa baridi. Angalia ncha zake kama zina nyufa ndogo zilizoanza kufunguka, dalili kwamba bado inajikaza.

Mbao nyingi za saiprasi huuzwa zikiwa bado na maji, hata muuzaji akikuapia vingine. Zipange ndani ya nyumba, penye kivuli na upepo, vijiti vya unene mmoja kati ya safu na safu, na mawe juu yake. Kanuni ya zamani ni mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Kwa mbao za yadi ambazo zimekwisha kukauka kiasi, miezi miwili au mitatu ya kaskazi hufanya kazi kubwa. Ukiweza, nunua Desemba, acha zikauke, gundisha Machi kabla ya masika. Zile zitakazopotoka katika kipindi hicho zikate vipande vifupi vya miguu.

Ninunue kiasi gani?

Mpango mzima unatumia mbao za inchi nne kwa mbili. Zikirandwa hubaki kama milimita 95 kwa 45.

Juu: vipande 13 vya futi sita, vikisimamishwa kwa ubavu na kugundishwa pamoja. Unapata uso wa inchi 23 na unene wa inchi tatu na nusu hivi. Miguu minne, kila mmoja vipande viwili vya inchi 30 na nusu. Mbao nne za kuvuka mbele hadi nyuma, inchi 23 kila moja. Mbao mbili ndefu za chini, inchi 44 na nusu. Jumla ni kama futi 113. Agiza 130, kwa sababu kila fungu lina jicho kubwa au ufa mahali fulani.

Kwa kabati, karatasi moja ya plaiwudi ya milimita 18 ya futi nane kwa nne, ile inayovumilia maji, pamoja na kipande cha milimita 6 cha mgongo na kidogo cha milimita 12 cha mbavu za droo. Bei hupanda na kushuka, kwa hiyo uliza kwa futi kwenye yadi mbili au tatu ndipo uamue. Ukiwa Lamu, ongeza nauli ya chombo na malipo ya hamali au punda.

Nitagundishaje mbao 13 bila klampu za kutosha?

Gundisha kwa mafungu: nne, nne, tano. Kila fungu likikauka usiku kucha, lirande, kisha unganisha mafungu matatu. Kwa njia hiyo klampu nne zinatosha.

Huna hata nne? Laza vijiti viwili vinene sakafuni, pigilia vizuizi imara kwenye ncha za kila kijiti, weka mbao katikati, halafu gongea kabari mbili zinazopishana kati ya ubao wa mwisho na kizuizi. Kabari hukaza kwa nguvu ya ajabu. Weka gazeti au nailoni chini ili gundi isishike vijiti.

Kabla ya gundi kuna jambo ambalo wengi hulipita. Angalia nyuzi za kila ubao zinapanda kuelekea upande upi, chora mshale kwa chaki, na uipange mishale yote ielekee upande mmoja. Siku ya kuranda uso, randa itateleza kutoka mwanzo hadi mwisho. Mishale ikipingana, kila unapokwenda utang'oa nyuzi za ubao wa jirani, na hakuna msasa utakaoficha vile vishimo.

Sijui kuunga mbao kwa tundu na ulimi. Miguu nitaiungaje?

Hii ndiyo faida ya mguu wa vipande viwili. Kipande cha nje kiache kizima. Cha ndani kikate, na unapokigundisha acha pengo mbili zenye upana sawasawa na mbao ya kuvuka: moja juu kabisa, moja inchi tatu au nne kutoka chini. Mbao ya kuvuka inaingia ndani ya pengo na kukaa sambamba na uso wa mguu. Umepata kiungio imara bila kushika patasi. Tumia kipande cha mbao ileile ya kuvuka kupimia pengo wakati wa kugundisha, ukikifunga karatasi ya nailoni ili kisigandie humo. Iwe ya kukaza. Ikiingia kwa kulegea, gundi haitakusaidia.

Ukimaliza una fremu mbili za miguu, kulia na kushoto. Zile mbao mbili ndefu za chini usizigundishe. Zifunge kwa bolti.

Kwa nini bolti?

Kwa sababu ya mlango, na ngazi, na kichochoro. Milango yetu mingi ni ya pande mbili, na upande mmoja ukifunguliwa hupitisha mtu, haupitishi meza. Ukiunda kitu kizima ndani ya chumba, hakitatoka siku utakapohama. Meza hii inavunjika kuwa fremu mbili za miguu, mbao mbili, kabati na sehemu ya juu, ambayo ina uzito wa kilo arobaini na kitu: watu wawili wanaibeba.

Toboa mguu na kichwa cha mbao ndefu kwa bolti ya nusu inchi, urefu inchi saba. Ubavuni mwa mbao ndefu toboa tundu la kupokea nati na washa. Ukikaza, mguu unavutwa na mbao. Nunua bolti zilizopakwa zinki kwa moto kama zile za mashua, au za chuma kisichoshika kutu ukiweza. Bolti nyeusi ya kawaida kwenye hewa ya pwani itagandiana na nati yake.

Sehemu ya juu ikae juu ya fremu, ifungwe kwa skrubu nne ndefu kupitia mbao za kuvuka za juu. Matundu ya mbele yawe ya kukaza, ya nyuma yawe marefu kidogo kama mfereji. Uso wa inchi 23 hutanuka na kusinyaa milimita kadhaa kati ya kaskazi na masika. Ukiubana pande zote utapasuka.

Kabati: kwa nini lisijaze nafasi yote ya chini?

Hapa ndipo meza nyingi nzuri zinapoharibiwa. Mtu anaona nafasi tupu na kuijaza droo hadi juu. Meza ikiisha anagundua kwamba klampu haiingii chini ya ubao wa juu, kigingi cha kuzuilia ubao kikisukumwa tunduni kinagonga droo, na kishikio cha chuma cha kubania ubao hakina pa kupita (nitavieleza kwenye swali la jiriwa).

Acha inchi sita wazi kati ya kabati na chini ya uso wa meza. Kwa kimo cha inchi 34, kabati lako linabaki na upana wa inchi 44, kimo cha 17 na kina cha 20, nalo linaenea lote kwenye karatasi moja ya plaiwudi. Linakaa juu ya zile mbao mbili ndefu. Lile pengo la juu si hasara, weka humo nyundo na penseli unazozitumia saa hiyo.

Mgongo wa kabati uingize kwa gundi na skrubu, na kabati lenyewe ulifunge kwenye miguu kwa skrubu mbilimbili. Plaiwudi hiyo inaizuia meza isiyumbe kwenda kulia na kushoto, na uzito wa vifaa unaikalisha chini. Likifungwa hivyo, kabati linaisaidia meza.

Nina kabati kuukuu la jikoni. Nikiweka ubao mnene juu yake si inatosha?

Kwa kupaka rangi na kukata karatasi, ndiyo. Kwa kuranda, hapana. Kabati la namna hiyo limeunganishwa kubeba vyombo, uzito wa kushuka chini. Halikujengwa kusukumwa kwa upande. Viungo vyake vitaachia. Litumie ndani ya fremu ya miguu niliyoeleza, kama linaenea.

Milango au droo?

Vyote. Upande mmoja mlango, ndani yake rafu moja, kwa randa kubwa, mashine ya kutobolea na makopo. Upande wa pili droo tatu: ya juu nyembamba sana, inchi mbili na nusu, kwa patasi na vipimo. Droo nene humeza vifaa, vikalaliana na kuumizana makali.

Reli za chuma zenye gololi ni nzuri mwezi wa kwanza. Chumvi na vumbi la mbao huzikamata. Mimi huweka vipande vya mbao ngumu ubavuni, droo ikateleza juu yake, na kusugua mshumaa mahali panapogusana. Acha nafasi ya milimita tatu kuzunguka mlango na droo ukizitengeneza wakati wa kaskazi. Masika ikifika mbao za droo hutanuka. Bawaba ziwe za shaba. Na kama kuna watoto nyumbani, droo ya patasi iwe na kufuli tangu siku ya kwanza.

Jiriwa ni lazima?

Inasaidia sana, lakini unaweza kuanza bila hiyo. Kwa anayetumia mkono wa kulia, jiriwa, au vaisi kama wasemavyo mafundi wengi, hukaa mbele upande wa kushoto. Taya lake la ndani liwe sawa na ubavu wa meza, lisitokeze.

Kabla ya kuinunua, toboa safu ya matundu ya robo tatu inchi kwenye meza, inchi tatu kutoka ukingo wa mbele, yakiachana inchi nne au tano. Chonga vigingi vya mbao vya kuingia humo kwa kukaza. Ubao ukiegemea kigingi, unaranda. Kisha mpelekee mhunzi kipande cha nondo laini, unene unaopungukia kidogo tundu, akikunje kama shingo ya korongo na kuibapa ncha. Kichomeke tunduni, kigonge kwa nyundo, kinabana ubao juu ya meza. Kigonge kwa nyuma, kinaachia. Ni kifaa rahisi kuliko vyote na hakiharibiki.

Vifaa vyangu vinashika kutu hata ndani ya kabati. Nifanyeje?

Jasho la mkono lenye chumvi hufanya kazi upesi kuliko hewa. Kila unapomaliza, futa chuma kwa kitambaa kikavu, halafu kwa kitambaa chenye mafuta ya cherehani. Mafuta ya nazi yaache jikoni. Toboa matundu machache nyuma ya kabati, juu na chini, hewa izunguke. Kabati lililozibwa kabisa hufuga unyevu. Usiweke kamwe kitambaa kibichi au mbao mbichi ndani.

Na mchwa?

Weka kila mguu juu ya kipande cha jiwe au chuma bapa, na meza iachane na ukuta kwa inchi mbili ili uone njia zao za udongo zikianza. Ncha za chini za miguu zinywe dawa ya mchwa kabla ya kusimamishwa, maana hapo ndipo mbao hunyonya maji. Oili chafu ya injini inayopakwa nguzo za ua usiilete hapa. Itachafua kila ubao utakaougusisha, na si kitu cha kushikwa kwa mikono kila siku.

Uso niupake nini?

Mafuta ya kitani, mikono miwili myembamba, ukifuta yote yanayobaki juu. Vanishi ya kung'aa huufanya ubao uteleze. Kuna hatari moja ya kweli: kitambaa chenye mafuta ya kitani kikikunjwa na kutupwa pembeni huweza kupata joto na kuwaka chenyewe. Kianike nje kikiwa kimetandazwa, au kiloweke majini kabla ya kukitupa. Ndani ya mji ambao nyumba zimepakana ukuta kwa ukuta, jambo hili usilisahau.

Majirani na kelele?

Kazi za nyundo na mashine zifanywe asubuhi baada ya watu kuamka, zisimame wakati wa sala na wakati wa kulala adhuhuri. Kipande cha zulia kuukuu chini ya miguu ya meza hupunguza mlio, lakini huifanya meza iteleze. Mpira wa tairi ni bora.

Imeanza kuyumba baada ya masika. Nimekosea wapi?

Huenda hukukosea. Mbao zilitanuka kisha zikasinyaa, na bolti zimebaki na nafasi. Zikaze zote nne kwa spana, kisha weka pimamaji juu ya meza kwa urefu na kwa upana. Sakafu ya chokaa mara chache huwa sawa, kwa hiyo angalia kama mguu mmoja unaelea, na kama unaelea utie kabari nyembamba ya mbao ngumu chini yake. Ikiendelea kuyumba kulia na kushoto, fungua mlango wa kabati utazame skrubu za mgongo. Mara nyingi ni mbili au tatu zilizolegea. Zitoe, jaza matundu kwa vijiti na gundi, uzirudishe kesho yake.